Koti la Inta

Picha tuliikuta ndani ya pakiti ya mbegu za matango,
kwani bibi hakuwa mtu wa albamu.
Nyuma yake, kwa penseli: Inta, Machi 1956.
Jina hakuna. Majina siku zile yaliwekwa kichwani;
karatasi ilikuwa na mdomo.

Babu Povilas amesimama mbele ya shuka
lililowambwa ukutani likajifanya studio.
Nywele zimeanza kurudi, fupi, kama za ndama.
Amevaa koti la sufu, vifungo sita, kola ya manyoya.
Ungemdhani karani mkuu wa reli.
Ungemdhani ameshiba.

Aliituma Panevėžys ili bibi asilie.
Bibi Domicelė akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena,
akaiegemeza kwenye cherehani.
“Koti si lake,” akasema.
“Mkono wa Povilas naujua kwa sentimita.
Huu wa koti umemmeza mpaka kucha.”
Kisha akalia, lakini alilia huku anacheka,
na mama, aliyekuwa na miaka tisa,
hakujua amwige kwa lipi.

Husemwa nguo ya kuazima haisitiri matako.
Hili lilisitiri mbavu.
Lilisitiri na ile fulana ya pamba chini yake,
pale kifuani namba ilipofumuliwa
na kitambaa kikabaki kimekoza, mraba mdogo
ambao jua lilikuwa halijawahi kuufikia.

Mwaka jana, Septemba, Kaunas,
katika ukumbi wa maktaba wenye viti vinavyolia,
tulikaa watoto na wajukuu, kila mtu na bahasha yake,
kama watu waliokuja kubadilishana stempu.
Aldona Gricienė, mfamasia mstaafu wa Šilalė,
akamlaza baba yake mezani kando ya babu yangu.
Nikaona vifungo. Sita.
Cha tatu kutoka juu kimeshonwa kwa uzi mweupe.
Sikusema neno. Nilisogeza picha kwa kidole
mpaka kingo zikagusana,
naye akavua miwani, akaivaa, akaivua.

Yarema alikuwa ametoka Drohobych kwa basi, usiku kucha.
Akamtoa shangazi yake:
koti lile lile, limefungwa upande wa kiume,
na midomo yake imebana kicheko,
kana kwamba pembeni, nje ya picha,
yupo anayengoja zamu na kumfanyia vituko.

Mpiga picha hatumjui.
Aldona alisikia ni Mjojia.
Yarema alisikia alikuwa daktari wa meno.
Mimi sikusikia lolote; kwetu hayo hayakuzungumzwa,
si kwa sababu ya uchungu tu, bali
chakula kilikuwa mezani, na kikipoa hakifai.
Ila shangazi alipigwa nje, penye mwanga,
na kivuli cha aliyeshika kamera kimelala juu ya theluji
mpaka miguuni pake: kofia, viwiko viwili,
mwili mwembamba kama mpini.
Kivuli cha mtu aliyebaki na shati.

Usiku ule nilimpigia mama simu, nikamweleza.
Akanyamaza. Nikasikia bomba la maji likifungwa.
Halafu akanisimulia jambo ambalo, alisema,
alikuwa halijui ni la kusimulia.

Mwaka wa 1971 walimpeleka babu dukani, koti jipya,
fedha bibi alizitunza majira mawili ya baridi.
Muuzaji akamvisha. Babu akafunga vifungo vyote,
mpaka cha shingoni, ingawa ndani mlikuwa na joto.
Akasimama wima mbele ya kioo.
Akashika pumzi. Hakupepesa.
Muuzaji akauliza kama linambana. Hakujibu.
Alikuwa akingoja mtu aseme: tayari.

Kisha akalivua upesi upesi,
akageuka nalo mikononi,
akitafuta nyuma yake
ni nani anayefuata.